Makala ya kurasa sita kutoka Mulago: tujadili machapisho na nukuu za mtafiti wa saratani

#1 Nyamagana (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani kumekuwa na mabishano marefu kuhusu nani ni mtafiti mkubwa wa saratani, na karibu kila hoja inaishia kwenye tarakimu mbili: ana machapisho mangapi, na amenukuliwa mara ngapi, yaani makala za wengine zimemrejelea mara ngapi. Kazi yangu ni kutunza takwimu za wagonjwa, na majarida ya tiba nayasoma karibu kila siku. Jambo hili linaniuma kwa sababu naona vijana wetu wanapimwa kwa tarakimu hizo bila mtu kufungua hata makala moja waliyoandika. Nimeona nilete mfano mmoja tuuchambue mpaka ndani. Umetokea hapa hapa kwetu, Kampala na Jinja, na ukaenda kubadilisha elimu ya saratani dunia nzima.

Mtu mwenyewe ni Denis Burkitt. Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, akasoma udaktari Dublin, akawa mpasuaji. Jicho moja alilipoteza kwa ajali akiwa mtoto. Mwaka 1946 aliingia Uganda kwa utumishi wa kikoloni, akapangiwa Lira, baadaye akahamishiwa Mulago, hospitali kuu ya Kampala. Hakuwa na maabara ya utafiti. Alikuwa mpasuaji wa hospitali ya serikali mwenye foleni ya wagonjwa kila asubuhi kama wapasuaji wetu wa leo.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini akamwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Maambukizi ya mfupa hayakai hivyo. Saratani nayo kwa kawaida huanzia sehemu moja, sasa hii ya pande nne kwa mpigo ni nini? Hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye yuko hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani, akaona mtoto mwingine na mama yake, uso ni ule ule. Akatoka kumkagua, akakuta na tumboni kuna uvimbe. Aliporudi Mulago akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa na taarifa za uchunguzi wa maiti. Akagundua kwamba watoto waliovimba taya, watoto waliovimba figo, ini au ovari, wote waliokuwa wakiandikwa kila mmoja kwa ugonjwa wake, walikuwa na ugonjwa mmoja.

Mwaka 1958 akaandika makala katika British Journal of Surgery, juzuu la 46, kurasa 218 hadi 223. Wagonjwa 38. Ugonjwa aliuita sarkoma ya taya kwa watoto wa Kiafrika.

Makala ikapita kimya. Hapa ndipo nataka tutulie, maana leo tunaiona kama moja ya makala muhimu zaidi za saratani katika karne ya 20, na ni rahisi kudhani iliposhuka tu dunia ikasimama. Haikusimama. Jarida lilikuwa la wapasuaji, na wataalamu wa saratani walikuwa wanasoma mengine. Ugonjwa ulikuwa wa Afrika, mbali na vyuo vyao. Na jina alilolipa lilikuwa na kasoro: sarkoma ni saratani ya misuli, mifupa na tishu za aina hiyo, wakati huu ulikuwa ugonjwa wa chembe za kinga ya mwili, yaani limfoma, au saratani ya mitoki kama tunavyoizoea hospitalini.

Chukua mwaka 1960, weka kamati mbele ya Burkitt, waangalie nukuu za makala yake kubwa. Wangeona nini? Karibu hakuna kitu.

Naendelea chini, niandike sehemu ya pili.

#2 Mzizima88

Nimeweka kambi mkuu. Shusha.

#3 Nyamagana

Tuendelee.

Kwanza kuna waliorekebisha jina. Idara ya patholojia (uchunguzi wa tishu za wagonjwa) pale Chuo cha Makerere, Kampala, ilikuwa chini ya Jack Davies, na alikuwepo Mmarekani Gregory O'Conor. Hawa walikuwa wakiangalia vipande vya uvimbe wa watoto kwenye hadubini, wakatambua kwamba ni limfoma. Mwaka 1961 jarida la Cancer la Marekani likachapa makala mbili zikifuatana: moja ya Burkitt na O'Conor ikieleza ugonjwa unavyojitokeza kwa mgonjwa, nyingine ya O'Conor ikieleza unavyoonekana kwenye hadubini. Wataalamu wa saratani wa Marekani wakaanza kusoma. Kwa hiyo umaarufu wa "ugunduzi wa Burkitt" umebebwa kwa sehemu kubwa na wanapatholojia ambao leo watu wengi hawawataji.

Pili, kuna jambo alilofanya Burkitt mwenyewe ambalo halihesabiki popote. Alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wenye ugonjwa ule, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni sehemu kubwa ya Afrika, akiuliza swali moja: mmewahi kuona hiki? Majibu yakirudi, anachoma pini kwenye ramani. Ukatokea mkanda unaopita katikati ya bara, kaskazini na kusini ya ikweta, wenye mkia unaoshuka kuelekea Msumbiji.

Akataka kujua ule mkanda unaishia wapi na kwa nini. Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson, wakaondoka Kampala na gari kuukuu la Ford. Wiki 10, maili 10,000 hivi, hospitali 57, mpaka Afrika Kusini, wakipita Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo), Msumbiji na Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo). Kila walikofika ni picha mezani, maswali kwa madaktari, kisha kupekua madaftari. Hivyo ndivyo mpaka ulivyopatikana. Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi, na kadiri unavyoteremka kusini kimo hicho kinapungua. Alexander Haddow wa taasisi ya virusi ya Entebbe akaona kwamba kinachozuia si mlima, ni baridi: ugonjwa unahitaji joto la kutosha na mvua ya kutosha. Mwaka 1962 hayo yakatoka Nature na British Medical Journal.

Tatu, na hii ndiyo iliyolipua mambo. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alikuwa London, akatoa mhadhara Middlesex Hospital. Kati ya wasikilizaji kulikuwa na mtafiti kijana wa virusi, Anthony Epstein, aliyekuwa amebobea kwenye virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Aliposikia kuna saratani ya watoto inayofuata joto na mvua, akafikiria kirusi papo hapo. Wakakubaliana: Mulago watatuma vipande vya uvimbe kwa ndege, London watatafuta.

Walitafuta kama miaka miwili bila kuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande ikashindwa kutua London kwa ukungu ikaelekezwa Manchester. Kilipofika, majimaji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoingia bakteria. Badala ya kumwaga, Epstein akaweka tone kwenye hadubini, akakuta ni chembe za uvimbe zinaelea zikiwa hai. Wakaziotesha hivyo hivyo zikiwa zinaelea. Februari 1964 kirusi kikaonekana kwenye hadubini ya elektroni. Makala ya Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr ikatoka kwenye Lancet tarehe 28 Machi 1964. Kurasa mbili tu. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na ndicho tunachokiita Epstein-Barr.

Hesabuni wenyewe: 1958 mpaka 1964 ni miaka sita kati ya makala kupita kimya na dunia kuigeukia.

#4 Dokta wa Kata

Mkuu Nyamagana, shukrani sana. Nimefanya kazi Kanda ya Ziwa na watoto wa ugonjwa huu nimewapokea, taya limejaa mpaka meno yananing'inia. Ni saratani inayokua kwa kasi kuliko karibu zote, wiki moja ya kuchelewa inaonekana kwa macho. Ningependa ueleze na upande wa tiba, maana hapo Burkitt aliwasaidia watoto moja kwa moja.

Pili, vijana humu wanataja h-indeksi kama vile ni cheo. Waeleze inavyofanya kazi.

#5 Nyamagana

Dokta, ahsante kwa kunikumbusha tiba.

Mulago haikuwa na mionzi. Upasuaji wa uvimbe ulioenea taya zote na tumbo haukuwa na maana. Zikabaki dawa, na miaka ile dawa za saratani zilikuwa changa, hospitali kubwa za Marekani zilikuwa bado zinazijaribu. Burkitt akapata methotrexate, cyclophosphamide na vincristine, akawapa watoto dozi chache. Uvimbe ukayeyuka ndani ya siku. Baadhi ya watoto waliopata dozi moja au mbili walipona kabisa. Kwa wakati ule, kuponya saratani ya aina yoyote kwa dawa peke yake lilikuwa jambo ambalo wengi hawakuliamini. Mwaka 1967 pale Mulago kikafunguliwa kituo cha tiba ya limfoma kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani, kiongozi wake wa kwanza John Ziegler, na humo ndimo ilimozaliwa Uganda Cancer Institute ya leo. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler wote walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya tiba ya Marekani.

Sasa vipimo. Kuhesabu nukuu kwa mpangilio kulianza na Eugene Garfield wa Philadelphia. Wazo alilitoa mwaka 1955 kwenye jarida la Science, na faharasa yake ya kwanza ya sayansi ikatoka 1964. Nia yake ya awali ilikuwa kumsaidia msomaji afuate wazo linavyosafiri: nani alilitumia, nani alilipinga, nani alilisahihisha. Kupima watu kulikuja baadaye.

H-indeksi ililetwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yako ni 20. Ni kipimo kinachompenda mtu mwenye makala nyingi za kiwango cha kati. Mtu mwenye makala tano zilizobadilisha dunia, kila moja ikiwa na nukuu maelfu, h yake ni 5. Pia haishuki kamwe. Anayeacha kazi leo h yake inabaki au inapanda, na kijana wa miaka mitatu kazini hawezi kumfikia mzee wa miaka thelathini hata akiwa bora mara kumi.

Halafu kuna kipimo cha jarida, kile ambacho watu wanakitumia kusema "amechapisha kwenye jarida lenye pointi kadhaa". Kile ni wastani wa nukuu za jarida zima kwa miaka miwili ya nyuma. Wastani huo hubebwa na makala chache zilizonukuliwa mno, na makala yako inaweza kuwa humo ndani bila mtu kuigusa. Ukikitumia kumpima mwandishi mmoja ni kama kukadiria kipato cha mpangaji kwa kuangalia bei ya nyumba za mtaa anaokaa.

Na sasa jambo la Burkitt ambalo naliona kubwa kuliko yote. Ugonjwa ulipewa jina lake. Kuanzia hapo, maelfu ya makala yanaandika "limfoma ya Burkitt" kwenye kichwa cha habari bila kurejelea ile makala ya 1958, kwa sababu hakuna anayeona haja. Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, alilieleza hili: wazo likishakuwa maarifa ya kila mtu, chanzo chake hupotea kwenye orodha za marejeo. Kwa hiyo makala ikifanikiwa kupita kiasi, hesabu ya nukuu zake inaanza kusema uongo kwa upande wa chini. Na Epstein na wenzake vilevile. Nani leo anaandika kuhusu kirusi cha Epstein-Barr akarejelea zile kurasa mbili za 1964 kila mara?

#6 Bint Chake

Assalaam aleikum. Kaka, mimi natoka Pemba. Bibi zetu hawaujui ugonjwa huu wa taya kwa watoto, na sisi kwetu kuna joto na mvua tele. Hiyo ramani inatueleza vipi?

#7 Nyamagana

Waaleikum salaam dada. Umeuliza swali ambalo watafiti wenyewe waliliuliza.

Unguja na Pemba zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizomsumbua Burkitt. Hali ya hewa inatosha kabisa, ugonjwa haba. Tofauti ilikuwa malaria: visiwani kulikuwa na kampeni za kuidhibiti, wakati huko bara malaria ilikuwa inashambulia watoto mwaka mzima. Mwanzoni watu walidhani mbu anabeba kirusi cha saratani. Kirusi cha Epstein-Barr kilipopatikana ikaonekana kiko kila mahali duniani, kinaambukizwa kwa mate, na Ulaya na Marekani kinaleta homa ya tezi kwa vijana. Sasa kama kiko kila mahali, kwa nini saratani iko kwenye mkanda? Jibu lililosimama ni kwamba malaria kali ya kujirudia inavuruga kinga ya mtoto, chembe zilizobeba kirusi zinazaliana bila kudhibitiwa, na katika kuzaliana huko kromosomu hukatika na kuungana vibaya. Miaka ya 1970 na 1980 ikaonekana kipande cha kromosomu ya 8 kinahamia ya 14, na jeni iitwayo MYC inawashwa bila kuzimika.

Na huu ushahidi umepatikana kwa jasho la watu wa huku. West Nile, Uganda, kuanzia 1972, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lililoko Lyon likiongozwa na Guy de Thé lilichukua damu ya watoto 42,000 na kusubiri. Waliougua baadaye walikuwa 14 tu, na damu yao ya zamani ilionyesha kingamwili nyingi za kirusi kabla ya ugonjwa. Makala ikatoka Nature 1978. Kule Mara Kaskazini, Tanzania, watoto walipewa klorokwini miaka ya 1977 hadi 1982 kuona kama saratani itapungua malaria ikipungua. Ilipungua, ingawa kushuka kulianza kabla ya dawa, kwa hiyo watafiti wakawa waangalifu katika kusema.

Ukihesabu nukuu, makala ya Mara haiwezi kushindana na ya Nature. Lakini mimi nikipanga mpango wa afya wa wilaya, ya Mara nitaisoma kwanza, kwa sababu inaniambia jambo gumu kuhusu jaribio la kweli kwenye vijiji vya kweli.

#8 Mzizima88

Huyu Burkitt si ndiye yule wa nyuzinyuzi? Mzee wangu kila siku anatuambia tule dona kuna mzungu alisema.

#9 Nyamagana

Ndiye mkuu, na hapa machapisho yake yanakuwa darasa lingine kabisa.

Alirudi Uingereza miaka ya 1960, akakutana na mawazo ya daktari wa jeshi la majini, Peter Cleave, kuhusu vyakula vilivyokobolewa. Akatumia mbinu ile ile ya barua kwa hospitali za misheni: mnaona saratani ya utumbo mpana? Kidole tumbo? Majibu yakawa kwamba vijijini Afrika haya ni haba. Mwaka 1971 kwenye jarida la Cancer akatoa hoja kwamba mlo wenye nyuzinyuzi nyingi unapitisha choo haraka, ukipunguza muda wa sumu kugusana na utumbo. Makala ile, pamoja na ya JAMA ya 1974 aliyoandika na Alec Walker na Neil Painter, ni miongoni mwa kazi zake zilizonukuliwa zaidi.

Lakini angalia zimenukuliwaje. Mwaka 1999 utafiti wa wauguzi wa Marekani, wanawake 88,757 waliofuatiliwa miaka 16, haukuona kinga yoyote ya nyuzinyuzi dhidi ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2003 utafiti wa EPIC, watu zaidi ya laki tano katika nchi 10 za Ulaya, ukaona kinga ipo. Baada ya hapo ushahidi wa nafaka zisizokobolewa umezidi kuelemea upande wa kinga, kwa hiyo mzee wako anaweza kuendelea na dona. Ninachotaka mwone ni kwamba anayempinga Burkitt na anayemkubali wote wanamrejelea, na mashine ya kuhesabu inaweka moja na moja. Nukuu inaonyesha wazo limeleta mjadala. Kama lilikuwa sahihi, hilo utalijua kwa kusoma.

#10 Mkereketwa

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini hapa tutofautiane. Unazibeza tarakimu huku ukisahau zilikuja kutuokoa na nini. Mimi nimekaa kwenye taasisi ambapo anayepanda cheo ni yule anayejuana na bosi. Siku walipoanza kudai machapisho na nukuu, kijana asiye na mtu wa kumsemea akapata silaha mkononi. "Kusoma kazi" ni maneno mazuri, lakini nani atasoma? Wale wale waliokuwa wanabeba ndugu zao. Nipe tarakimu mbovu isiyonijua jina kuliko mzee mwenye hekima anayeuliza natoka kijiji gani.

#11 Kisumu Ndogo

Mkereketwa ameongea ukweli. Kwetu Kenya ni hivyo hivyo.

#12 Nyamagana

Mkereketwa, hoja yako ina uzito na sina nia ya kuipita. Mahali penye upendeleo, tarakimu ni ngao. Sitaki kijana anyang'anywe ngao hiyo akaachwa mikononi mwa kamati isiyo na uwazi.

Ila tuangalie ngao hii inamlinda nani. Mtafiti wa saratani wa huku anaandika kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, ya koo, limfoma ya watoto, saratani ya Kaposi. Wanaofanyia kazi magonjwa haya duniani ni wachache ukilinganisha na wa saratani ya matiti au ya mapafu, kwa hiyo wa kumnukuu ni wachache. Akiandika kwenye jarida la kanda yetu, mara nyingi halimo kwenye hifadhidata kubwa, kwa hiyo hata nukuu zilizopo hazionekani. Kijana akiona hivyo anajifunza haraka: aache tatizo la wilaya yake, aombe kuwa jina la ishirini na tano kwenye makala ya watu wa nje. Nukuu zitapanda. Mgonjwa wa wilaya yake atabaki bila mtafiti. Hilo ndilo linaloniuma, na tarakimu isiyokujua jina haiwezi kuliona.

Mwaka 2012 wahariri na wanasayansi waliokutana San Francisco walitoa azimio wakitaka kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtu katika ajira, vyeo na fedha za utafiti. Taasisi nyingi duniani zimetia saini. Pendekezo linalofaa kwetu, kwa maoni yangu: mwombaji alete makala tano alizochagua mwenyewe, aeleze kila moja imebadilisha nini na yeye alifanya nini humo, na wasomaji wawe wa nje ya taasisi, maoni yao yaandikwe na mwombaji ayaone. Uwazi wa namna hiyo unamzuia bosi wako kuliko h-indeksi, kwa sababu h-indeksi bosi naye anaipandisha kwa kuweka jina lake kwenye kazi za vijana. Hili wengi humu mnalijua.

#13 Kisumu Ndogo

Na zile makala zinazonukuliwa sana halafu zinaondolewa?

#14 Nyamagana

Zipo, na kwenye saratani zinaumiza watu.

Mwaka 2006 kikundi cha Anil Potti, Chuo Kikuu cha Duke, kilichapisha kwenye Nature Medicine kwamba kinaweza kusoma jeni za uvimbe na kutabiri dawa gani itafanya kazi kwa mgonjwa. Ilinukuliwa kwa wingi, na majaribio kwa wagonjwa yakaanza. Wanatakwimu wawili wa MD Anderson, hospitali ya saratani kule Texas, Keith Baggerly na Kevin Coombes, wakajaribu kurudia hesabu wakashindwa. Data zilikuwa zimesogezwa safu, baadhi ya wagonjwa walioitikia dawa wamewekwa upande wa wasioitikia. Uchambuzi wao ukatoka mwaka 2009 kwenye jarida la takwimu ambalo madaktari wengi hawalifungui. Makala ya Nature Medicine iliondolewa 2011, na mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani ya uadilifu wa utafiti ikatangaza kwamba kulikuwa na data za uongo.

Ungefanya mashindano ya nukuu mwaka 2008, aliyekuwa anakosea angeshinda.

#15 Dokta wa Kata

Swali la mwisho kwangu mkuu. Kabla ya Burkitt kweli hakuna aliyewaona hawa watoto? Haiingii akilini.

#16 Nyamagana

Waliwaona dokta. Albert Cook, aliyefungua hospitali ya misheni ya Mengo mwaka 1897, aliandika habari za wagonjwa wake kwa uangalifu mkubwa, na watoto wenye uvimbe wa taya wamo kwenye madaftari yake miongo mingi kabla ya 1957. Hakuyatoa kama ugonjwa mpya. Madaftari yale yakakaa kabatini, wala hakuna hifadhidata inayoyahesabu.

Mwaka 1964 Davies na wenzake wakayafungua, wakachambua saratani za Mengo kuanzia 1897 hadi 1956 na kuchapisha kwenye British Medical Journal. Kwenye orodha ya waandishi utawakuta Owor na Mtimavalye, majina ya watu wa Afrika Mashariki wakati nchi zetu ndiyo kwanza zimepata uhuru. Ilisaidia sana kujibu swali lililokuwa linasumbua: je, ugonjwa huu ni mpya au ulikuwepo? Ulikuwepo. Na jibu hilo lilitoka kwa makarani na wauguzi walioandika tarehe, umri na kijiji cha mtoto kwa mwandiko unaosomeka.

#17 Bint Chake

Na sasa hivi nani anaendeleza? Au ndiyo imebaki historia?

#18 Nyamagana

Inaendelea dada. Kuanzia 2010 mpaka 2016 ulifanyika utafiti uitwao EMBLEM kaskazini mwa Uganda, kaskazini mwa Tanzania na magharibi mwa Kenya, ukiongozwa na Sam Mbulaiteye, Mganda aliyeko taasisi ya saratani ya Marekani. Walilinganisha watoto wenye limfoma ya Burkitt na watoto wasio na ugonjwa huo wa maeneo yale yale, wakipima malaria na vinasaba. Makala zake zinaendelea kutoka. Ingieni PubMed, maktaba ya mtandaoni ya makala za tiba, ni bure, andikeni EMBLEM na Burkitt, kisha chagueni moja muisome yote mpaka jedwali la mwisho. Mwenye swali kuhusu jedwali alilete hapa tulichambue.